Dawa ya chokaa iliyonenepesha utelezi

Ukichimba kisima pwani ya mashariki ya Unguja, unachimba matumbawe. Maji yanatoka na chumvi, tena na chokaa ya kulivika birika koti jeupe kwa wiki moja. Ndiyo maana mashine ya RO, ile ya kuchuja chumvi, ya hoteli ninayofanyia kazi inadondoshewa dawa ya kuzuia chokaa usiku na mchana. Chokaa yenyewe haitoki. Dawa inazizuia tu chembe zake zisikue zikaganda kwenye membreni, yaani tando za kuchujia zilizopangwa moja nyuma ya nyingine.

Mwezi wa Machi presha ilianza kunichezea. Tofauti ya geji ya kuingilia na ya kutokea, kawaida ba 1.5, ilifika 2.4. Nikasema chokaa hiyo, nikaongeza dawa karibu mara mbili. Wiki mbili baadaye hali ikawa mbaya zaidi, na bosi akaanza kuhesabu maboza ya maji anayonunua.

Nikampigia simu mzee aliyenifundisha kazi.

"Umefungua membreni ya mbele au ya nyuma?"

Sikuwa nimefungua yoyote.

"Fungua zote mbili, mwanangu, kisha nipigie."

Chokaa huanzia membreni ya nyuma kabisa, kwa sababu maji yakifika huko mengi yameshachujwa na yaliyobaki yamekolea. Ya nyuma niliikuta safi. Niliikamulia ndimu, haikutoa povu. Ya mbele ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Wavu wake umejaa utelezi wa kahawia, ule wa mtungi usiosuguliwa, na unanuka kinamasi. Hao ni bakteria.

Na mlishaji ni mimi. Dawa yetu ni ya jamii ya fosfoneti, ina fosforasi ndani yake. Maji ya matumbawe huwa na fosforasi kidogo, maana chokaa huinasa njiani, na uhaba huo ndio unaowabana bakteria. Mimi nikawa nawaletea kwa dumu! Watafiti wa Uholanzi walishaandika mwaka 2000 kwamba baadhi ya dawa hizi huwakuza. Baadaye wengine wakaona kwamba hata za poliakrilati, zisizo na fosforasi, hujipaka kwenye membreni zikawarahisishia bakteria kushika. Kwa hiyo kubadilisha dumu peke yake hakutoshi. Klorini nayo huwezi kuipitisha, inakula membreni.

Kinachoniuma zaidi ni tangi la dozi. Nilikuwa nachanganya dawa na maji ghafi ya kisima, nikaliacha hata mwezi. Nilipolipapasa ndani: utelezi uleule.

Tumesafisha kwa sodakostiki, pH 11, kisha asidi ya sitriki. Dozi sasa inafuata majibu ya vipimo vya maji, si hofu yangu, na nachanganya ya siku tatu tu, kwa maji yaliyochujwa. Leo geji zinaonyesha tofauti ya ba 1.6. Bosi ameniita kuuliza mbona dumu siku hizi haliishi, kama kweli bado natia dawa.