Losheni ya liwa na manjano isiyotuama chini

Losheni nyingi za mitishamba zinazouzwa huku Pwani ukiziacha wiki mbili utakuta juu mafuta matupu, chini tope la dawa. Anayeanza chupa hapati kitu, anayeimaliza anapata dawa yote kwa mpigo hadi ngozi inamwasha. Mimi nawatengenezea wateja wangu hapa Langoni, Lamu, na nililolitaka ni tone la kwanza lifanane na la mwisho.

Manjano hayakunisumbua sana. Rangi yake haikubali maji ila mafuta inayakubali, kwa hiyo siweki unga kwenye losheni. Nautia kwenye mafuta ya nazi, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, saa mbili hivi, kisha nachuja kwa bafta mara mbili. Kilichokwisha kuyeyuka hakina cha kutuama. Jua huipausha rangi hiyo, ndiyo maana chupa zangu ni za kahawia.

Kazi ni liwa, ule mti wa kunukia. Vumbi la mti haliyeyuki, na ukilimwaga kavu linafanya madonge ambayo nje yamelowa, ndani makavu. Unga wa dukani niliuacha, nikarudi kwenye jiwe, kama anavyosuguliwa liwa bibi harusi, ila badala ya marashi mawaridi nadondoshea glisirini. Mama mkwe ndiye aliyenishika mkono: “Mwanangu, sugua polepole, usikandamize. Ukisikia mchanga, bado hakijaiva.” Nachukua kidogo nakipaka juu ya ukucha. Kikiteleza bila kukwaruza, kimeiva. Ulaini huu si wa urembo tu: chembe ikiwa nusu ya upana, huzama polepole mara nne.

Hata hivyo chembe laini nazo huzama losheni ikiwa nyepesi. Kwa gramu 500 natia gramu moja na nusu ya gundi ya zanthani, nayo kwanza naikoroga ndani ya glisirini kabla haijaona maji. Gundi hiyo ndiyo inayozishikilia chembe zisishuke. Maji ya kisima siyatumii, yana chumvi na vijidudu, nanunua yaliyokenekwa.

Maji na mafuta napasha mbalimbali hadi nyuzi 70 au 75, mafuta yakiwa na gramu 25 za nta ya emalsifaya, ile inayoshikanisha mafuta na maji. Nta ya nyuki peke yake haiwezi kuyashikanisha na maji. Joto likipishana, nta inaganda vipunje palepale. Nakoroga kwa mashine ya mkono, na joto likishuka chini ya 40 ndipo liwa inaingia, harufu yake isipotee, pamoja na kihifadhi, dawa ya kuzuia losheni isiharibike, kwa kipimo cha mtengenezaji. Kihifadhi usikiache. Wapo wanaosema mafuta ya karafuu yanatosha. Hayatoshi kuzuia ukungu, na yakizidi yanachoma ngozi.

Kila mpiko chupa moja nampa jamaa anayekwenda Mombasa, boti hadi Mokowe kisha basi mchana kutwa kwenye joto. Ikirudi naifungua bila kuitikisa, nachota ya juu na ya chini, napaka kando kwa kando juu ya kipande cha kioo, nainua kwenye mwanga. Rangi zikitofautiana au nikiona punje, mpiko ule hauuzwi.