Zebaki: sumu iliyo kwenye mvuke

Zebaki ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Huganda kwenye nyuzi joto 39 chini ya sifuri, huchemka kwenye nyuzi 357, na lita moja yake ina uzito wa zaidi ya kilo 13. Sifa iliyoifikisha kwa wachimbaji wadogo wa Geita ni nyingine: hunasa dhahabu.

Mawe yakishasagwa kwenye karasha na unga wake kuoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, mchanga mzito unaobaki hutiwa zebaki ndani ya karai na kukandwa kwa mikono mitupu. Kisha hukamuliwa kwenye kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha, nalo huwekwa juu ya makaa mpaka zebaki yake igeuke mvuke na donge lipate umanjano wa dhahabu. Wengi huihofia zebaki ile ya kwenye karai, ilhali hatari kubwa zaidi imo kwenye yale makaa. Tumbo hufyonza kiasi kidogo mno cha zebaki ya kimiminika iliyomezwa, lakini mapafu hubakiza takribani asilimia 80 ya mvuke wake, mvuke usio na rangi wala harufu, ambao hupenya hadi kwenye ubongo na, kwa mjamzito, humfikia mtoto aliye tumboni. Mikono huanza kutetemeka, kumbukumbu hupungua, figo huharibika. Ndiyo maana sioni udhuru wowote wa kuchomea donge hilo jikoni, mahali watoto wanapolala.

Mvuke ukipoa hurudi ardhini na majini, na huko bakteria huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, ambayo huzidi kujilimbikiza kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo. Mji wa Minamata, Japani, uliipata methilizebaki hiyo moja kwa moja kutoka kiwanda cha kemikali cha Chisso, kilichokuwa kikimwaga maji taka yake baharini. Paka waliokula samaki walipatwa na degedege na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu, na bado umwagaji huo haukukoma hadi 1968. Miaka hiyo 12 ndiyo inayoniuma kuliko yote, kwa kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikwisha kuitaja zebaki mwaka 1959.

Mkataba wa kimataifa unaobeba jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu. Retoti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoozea mvuke, huirudisha sehemu kubwa ya zebaki ikatumika tena, hivyo humpunguzia mchimbaji gharama pia. Mkataba unataka vilevile ikomeshwe tabia ya kumwagia sayanidi, kemikali nyingine ya kutolea dhahabu, kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ambayo hayajaondolewa zebaki, kwa sababu sayanidi huiyeyusha na kuirahisishia njia ya kufika mtoni.