Kitabu cha ukoo: anza na namba, majina baadaye

Kwa Wachaga, mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida hurithi jina la babu mzaa baba. Ukoo wa Massawe au Mushi wenye vizazi sita unaweza basi kuwa na watu wanne wenye jina moja na ubini mmoja. Hapo ndipo vitabu vingi vya ukoo huharibika: babu na mjukuu wanaunganishwa kuwa mtu mmoja, na kizazi kizima kinapotea.

Dawa yake ni namba. Mwanzilishi ni 1, watoto wake 1.1, 1.2, 1.3, mtoto wa 1.3 anayeandikwa wa pili ni 1.3.2. Tafadhali, namba isimaanishe nafasi ya kuzaliwa. Akigundulika mtoto aliyesahaulika, mpe namba inayofuata, 1.4, na mwaka wake uandike pembeni. Ukimchomeka katikati, itabidi ubadilishe namba za wote wanaomfuata na za vizazi vyao.

Mabinti walioolewa wabaki na namba zao na ubini wa kwao, la sivyo nusu ya ukoo itafutika.

Daftari za ubatizo za parokia na usharika husaidia sana, ila humo mzee wa Kichaga huenda akaonekana kwa jina la ubatizo tu. Linganisha jina la mama na la msimamizi wa ubatizo na yale unayoyajua kabla ya kuamua kwamba ndiye.

Kitabu cha kubana kwa pini kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Acha chache tupu mwishoni, watoto wanazaliwa.