Kuziba pasipovuja: jinsia ndani ya Kiswahili chetu

Chukua mwongozo wa lugha na jinsia ulioandikwa kwa Kiingereza, utafsiri mstari kwa mstari, na nusu ya siku itakwisha ukiziba pasipovuja. Waingereza wana kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, sisi hatuna. "Amefika" ni amefika, awe baba mwenye nyumba au binti wa jirani. Mwenyekiti ni mwenye kiti tu. Anne Makinda alipokuwa Spika mwaka 2010, kisha Tulia Ackson mwaka 2022, pale bungeni Dodoma hapakuhitajika cheo kipya. "Mheshimiwa Spika" ilitosha.

Panapovuja ni kwingine. Anza na kitenzi oa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, mzazi anaoza. Posa na mahari vimo humo humo ndani ya mnyambuliko. Ndiyo maana "jamaa ameolewa" si habari ya harusi: maana yake anaishi kwa mkewe na hana kauli, na kejeli imekamilika bila tusi hata moja.

Kwenye dodoso kitenzi hiki kinaharibu takwimu. Karani aliyeandikiwa swali moja, "Je, umeoa?", akimuuliza mama wa Bahi, Dodoma, atapata kicheko kwanza, halafu "hapana" ambayo itaingia kwenye hesabu kana kwamba mama huyo hana mume. Kuandika "umeoa/umeolewa" kunasaidia kwenye karatasi, ila anayesoma kwa sauti lazima achague upande mmoja. "Una ndoa?" inawafaa wote, lakini nayo ina mtego: wapo wanaoelewa ndoa ni ile ya kanisani, msikitini au bomani, na aliyetolewa mahari tu anaweza kukujibu hapana. Basi weka swali la pili, "Unaishi na mwenza?" Usitumie "kuishi kinyumba"; neno hilo limebeba lawama, na mtu hawezi kukiri lawama mbele ya mgeni mwenye kalamu. Kwa wawili kwa pamoja, "wameoana" haina ubishi.

Kisanduku cha Me/Ke kiitwe "jinsi", kama majedwali ya sensa yanavyosema "umri na jinsi". Jinsia iache kwa mambo ya majukumu na mahusiano.

Majina nayo yana mambo. Mwanamke akizaa anakuwa Mama Neema, na jina lake linaanza kufutika mtaani. Baba Neema naye yupo, ila kijiweni na kazini bado anaitwa kwa jina lake. Ni heshima, hakuna ubaya kuitumia mnapoongea. Ubaya huanza mtendaji wa kijiji anapoandika kwenye muhtasari wa kikao "Mama Neema alichangia kwamba…", kwa sababu mwaka unaofuata kijiji kina akina Mama Neema watatu na hakuna ajuaye ni yupi aliyedai kisima. Muulize jina lake, liandike, tangulia na Ndg. Neno "ndugu" lilienea enzi za TANU na halibagui mke wala mume. Sioni kwa nini tuliache lizeeke. "Bi." nayo ni nzuri kwa kuwa haichunguzi kama mtu ana mume. "Bibi" iangalie. Mwanamume wa miaka 50 ukimwita mzee umempandisha. Mwanamke wa umri huo huo ukimwita bibi umemzeesha. Sema mama.

Kwa waandishi wa habari, kipimo ni rahisi: geuza. Umeandika "daktari wa kike"? Jaribu "daktari wa kiume" katika sentensi ile ile. Ikikukwaza, ondoa "wa kike". Iache pale tu jinsi inapokuwa sehemu ya habari. Na "mbunge mwanamke wa Viti Maalum" ni kurudia maneno, maana viti hivyo, ambavyo vimewekwa na Katiba, ni vya wanawake.

Kutobagua kwa viwakilishi vyetu kuna gharama yake, hasa katika maelezo ya shahidi. "Alimsukuma akaanguka, akakimbia." Nani ameanguka, nani amekimbia? Kwa Kiingereza, kama wahusika ni mume na mke, viwakilishi vingewatenganisha. Kwa Kiswahili rudia jina au wasifu, "yule mama", "yule kijana", kila mtenda anapobadilika, hata kama sentensi itakuwa nzito.

Kigogo, kwa kuwa ni Kibantu, kinafanana na Kiswahili hapa. Lakini eneo hili la kati lina pia lugha zisizo za Kibantu, na ndipo mkalimani anapojikwaa. Msandawe wa Chemba ana "hewe" kwa mwanamume na "hesu" kwa mwanamke. Akikusimulia kwa lugha yake anajua kila wakati ni nani, wewe ukigeuza kwa Kiswahili umefuta tofauti hiyo. Mmasai anayeleta ng'ombe mnadani anaanza nomino na "ol-" au "en-", kiume na kike, na kiambishi hicho hicho hubeba pia ukubwa na udogo. Hata salamu zake zinagawanyika: mwanamke husalimiwa "takwenya" akajibu "iko", mwanamume "sopa" akajibu "epa". Ukimpa mzee wa Kimasai "takwenya", mazungumzo yameanza vibaya.

Kwa Wadatooga, wakiwemo Wabarabaig wa Hanang na Singida, jinsia inaingia hadi kwenye maneno ya kawaida. Majina ya wanaume huanza na Gida-, ya wanawake Uda-, na sehemu inayobaki mara nyingi ni neno la kila siku. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wala la wakwe wengine wakubwa, na mwiko huo unafika hadi kwenye maneno yanayofanana na majina hayo kwa sauti. Badala yake anatumia neno lingine, analizungusha kwa maelezo, au analibadili sauti. Wake wa ukoo mmoja wanaweza kuwa na msamiati ambao waume zao hawautumii. Kwa hiyo fomu yenye "jina la mkuu wa kaya" usimpe mke aisome kwa sauti wakati mkuu huyo ni baba mkwe. Akinyamaza, usiandike "hajui". Acha nafasi, mwombe mtoto au jirani alitaje, endelea na swali linalofuata.