Walioniambia "mwagilia kidogo kila jioni" waje waione mizizi

Ushauri huo niliupata kwa watu wasiopungua watatu, kila mmoja akiutoa kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa na keni ya kumwagilia mkononi: mboga za nyumbani humwagiliwa kidogo, kila siku, jua likishazama. Nikafuata, kwenye bustani yangu ya mboga za kuvunwa wakati wa baridi. Wiki ya tatu baada ya kupandikiza ikaja siku moja ya jua kali na upepo mkavu, na kufikia saa tano asubuhi sukuma wiki zote zilikuwa zimelala. Kulala mchana peke yake si neno, majani mapana hulegea kwenye jua hata udongo ukiwa na maji, kisha hujiinua jioni. Hizi hazikujiinua hata alfajiri.

Nikang'oa mche mmoja kwa koleo pamoja na donge lake. Mizizi yote ilikuwa imetambaa ubavuni ndani ya sentimita nne za juu, imesukana kama mkeka. Chini ya mkeka huo palikuwa na vumbi tupu, ukilichota linapita vidoleni. Maji ya kila jioni hayakuwahi kufika huko, na mzizi hauendi kwenye ukavu kutafuta maji, hukua pale yalipo. Kwa hiyo nilikuwa nimeifundisha bustani nzima kuishi juu juu, mahali panapokauka kwanza.

Bustani ya kuelekea baridi ina kigeugeu chake ambacho hakuna aliyenitajia. Unasia joto lingali kali na unavuna ubaridi ukiwa umeingia, kwa hiyo maji huanza mengi na kuishia machache, kinyume kabisa na bustani ya kuelekea kiangazi. Anayemwagilia kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho atakausha miche kisha aozeshe mizizi.

Tarehe ya kusia niliipata kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuvuna. Pakiti ikisema kabichi hukomaa kwa siku 80 tangu kupandikizwa, ongeza 14, kwa sababu siku zinafupika na mmea unapunguza mwendo. Kisha ongeza wiki nne hadi sita za kitaluni. Figili hazihitaji kuwahiwa hivyo, siku 25 hadi 30 zinatosha, unaweza kuzisia mafungu mafungu kila baada ya siku kumi. Ila ziache zikae na kiu na utatafuna kitu kikali chenye sponji katikati.

Tuta langu lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3. Upana huo ni wa makusudi: mkono unafika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Samadi iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, inakaa kama sentimita mbili juu, kisha unaichanganya na udongo. Mbichi usiguse, hasa panapokwenda karoti, zitaota miguu mitatu.

Sasa mbegu, na hapa niseme ukweli: kwenye mbegu wale washauri hawakukosea. Mbegu haina mzizi wa kutuma chini. Inachotaka ni sentimita moja ya juu isikauke hata mara moja, na hiyo ni kazi ya maji kidogo mara mbili kwa siku, wakati mwingine tatu. Kosa ni kuendelea hivyo baada ya mche kusimama.

Saladi na spinachi zilinigomea kwanza. Mbegu ya saladi, udongo ukipita nyuzi joto 27 au 30 hivi, inajifunga na kulala, hata uimwagilie namna gani. Nilizisia, hazikuota, nikalaumu pakiti. Mara ya pili nikazifunga kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, nikakitia ndani ya kopo lenye mfuniko, nikaliweka kwenye friji siku nne. Nikasia jioni kwenye mifereji iliyoloweshwa, nikaweka chandarua cha kivuli juu kwa siku saba. Zikaota kama nywele. Mbegu ya saladi uifunike kwa udongo mwembamba sana, nusu sentimita ni nyingi tayari, kwa kuwa nyingi kati yake zinahitaji mwanga ili ziamke.

Karoti ni mtihani mwingine. Huchukua siku 7 hadi 21 kuota, na udongo wangu una mfinyanzi wa kutosha kufanya ganda gumu juu kila nikipitisha mpira wa maji. Mche wa karoti ni mwembamba kama uzi, hauna nguvu ya kuvunja ganda. Dawa: chora mfereji wa kina cha sentimita moja, uloweshe mfereji wenyewe kabla ya kuweka mbegu, funika kwa mboji laini badala ya udongo uliochimba, kisha laza ubao juu. Chini ya ubao unyevu haukimbii na jua haligongi. Kuanzia siku ya tano funua kila asubuhi uchungulie. Mara ya kwanza nilichelewa siku mbili nikakuta miche mieupe, mirefu, imejikunja kama tambi, na nusu yake ilikufa jua lilipoigusa. Ukiona mche wa kwanza tu, ubao uondoke. Ikifika urefu wa kidole, punguza ibaki nafasi ya sentimita tano kati ya mmoja na mwingine, hata kama roho inauma.

Turudi kwenye maji, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Kipimo cha kawaida kwa mboga ni milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu haina ugumu: tuta la mita za mraba 3.6 linataka lita 90 kwa wiki. Mimi kwa keni zangu za jioni nilikuwa naweka lita sita au saba kwa siku, chini ya lita 50 kwa wiki, na nyingi zilipotea hewani kabla ya asubuhi ya pili kuisha.

Lita 90 sikuzimwaga kwa mkupuo. Nilizigawa mara mbili, 45 na 45, siku tatu au nne katikati. Udongo wa kichanga ungetaka 30 mara tatu, kwa kuwa haushiki maji, ukizidisha yanapitiliza chini ya mizizi na kuondoka na rutuba. Mfinyanzi unataka pole pole: mwaga nusu, kanywe chai, rudi baada ya nusu saa umalizie. Ukiona maji yanatiririka pembeni ya tuta, hapo unamwagilia njia.

Wanaotumia mpira huniuliza watajuaje lita. Chukua ndoo ya lita 10, fungua bomba kwa mzunguko ule ule unaoutumia kila siku, tazama saa. Yangu ilijaa kwa sekunde 40, maana yake lita 15 kwa dakika, kwa hiyo lita 45 ni dakika tatu kamili. Nikachora alama ya rangi kwenye koki nisije nikafungua zaidi. Kabla ya kupima ningeapa kwamba kwa mpira nilikuwa namwagilia dakika kumi. Nilikuwa namwagilia moja na nusu. Mkono huchoka mapema kuliko macho yanavyodhani.

Na usiamini hata hesabu. Kesho yake asubuhi chimba kishimo cha sentimita 15 pembeni ya mmea, chota udongo wa chini, uminye. Ukishikamana kuwa donge linalovunjika ukiligusa, safi. Ukimwagika, ongeza. Ukitoa maji au kunata kama unga wa chapati, acha siku kadhaa. Mvua nayo ipimwe: kopo la pande zilizonyooka uwanjani, rula ndani yake. Mvua ya kelele nyingi juu ya bati mara nyingi ni milimita tatu tu.

Kwa kabichi na brokoli, ambazo zimekaa mbali mbali, sentimita 45 kati ya mche na mche, nilitaka maji yaende kwenye shina peke yake. Nikajitia ufundi wa chupa. Chupa za plastiki za lita moja na nusu, nikatoboa kila moja matundu kumi kwa msumari wa moto, nikazifukia hadi shingoni katikati ya miche, nikazijaza kwa fahari kubwa. Dakika nne, zote tupu. Maji yamezama yote mahali pamoja, dimbwi chini ya ardhi. Nikatengeneza nyingine zenye matundu mawili membamba ya sindano ya kushonea. Hizo zilitoa maji siku mbili, kisha zikaziba kwa tope. Nikazivalisha soksi kuukuu, tope likakoma, lakini sasa chupa zikawa zinabaki zimejaa wiki nzima. Nikafukua, nikasafisha, nikafukia, wapi!

Kumbe ni kifuniko. Nilikuwa nakikaza kabisa mbu wasiingie, na maji hayawezi kutoka chupani kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Nikalegeza nusu mzunguko, nikaona kipovu kinapanda, baada ya muda kingine. Tangu hapo kifuniko ndicho koki yangu: nusu mzunguko wakati wa joto, chupa inaisha kwa saa sita hivi, robo mzunguko ubaridi ukiingia. Na kuna jambo sikulitarajia, chupa hupunguza mwendo zenyewe udongo wa pembeni ukishalowa, kwa kuwa soksi iliyozungukwa na unyevu haina pa kumwagia. Gharama yake karibu bure, ukiacha soksi ambazo nyumbani zilitafutwa kwa siku kadhaa. Mboga za kupanda kwa mistari iliyobanana, karoti na saladi, zisifanyiwe hivi, zitabaki na visiwa vya kijani na majangwa katikati.

Kuhusu saa ya kumwagilia: asubuhi. Jioni haina sumu ikiwa maji yanakwenda kwenye shina, lakini keni ya juu jioni inalaza majani yakiwa mabichi usiku mzima, na usiku wa baridi hukausha pole pole. Ndivyo ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unavyoingia kwenye spinachi na saladi, na madoa meusi ya kabichi husambazwa na matone yanayoruka kutoka jani hadi jani.

Miche ikifika sentimita kumi nikaweka matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita tano, yasiguse shina. Maji niliyohitaji yalipungua waziwazi. Ila hewa ikipoa, konokono hugeuza nyasi hizo kuwa hoteli. Laza kipande cha ubao chini jioni, asubuhi kigeuze uwakusanye waliojikusanya wenyewe. Sota wanaokata miche usiku wanazuiliwa kwa pete ya karatasi ngumu kuzunguka kila shina, sentimita mbili chini ya udongo na tano juu. Viwavi wa kabichi tazama mgongoni mwa jani, mayai huwekwa huko, yafikiche kwa kidole.

Hewa ilipopoa nikashusha lita 90 hadi 45 kwa wiki, na wiki nyingine sikumwaga hata tone. Hapa ndipo nilipoharibu kabichi tatu. Nilizisahau siku kumi na mbili, zikafunga vichwa vigumu vizuri, kisha nikajuta na kuzimwagia maji mengi kwa mara moja. Kesho yake mpasuko mkubwa wa kukenua. Mizizi inapeleka maji haraka kuliko jani la nje linavyoweza kutanuka. Kabichi ya nne niliiokoa kwa hila niliyoijua lakini sikuwahi kuithubutu: shika kichwa kwa mikono miwili, ukizungushe kama unafungua mfuniko, nusu mzunguko, mpaka usikie mizizi inakatika chini. Inasikitisha kuisikia. Lakini maji yanapungua kuingia na kichwa kinakaa shambani wiki mbili zaidi bila kupasuka.

Kama kwako usiku huleta sakitu, yaani umande unaoganda, mwagilia mchana wa kabla yake, usiogope. Udongo mbichi hushika joto la jua kuliko mkavu na kulirudisha usiku. Funika saladi kwa shuka jepesi lililoinuliwa na vijiti, lisilale juu ya majani, na litoke asubuhi. Sukuma wiki ziache wazi, baridi huzifanya zigeuze wanga kuwa sukari na zinakuwa tamu. Mpira umwage maji yote ndani yake kabla ya kulala.

Wiki iliyopita nilikuwa naondoa sukuma wiki za zamani ili nisafishe tuta. Nikachagua moja, nikachimba pembeni yake pole pole na rula mkononi. Sentimita 15, mzizi upo. Thelathini, upo. Ulikatika nikiwa kwenye sentimita 40, na ncha iliyobaki ilikuwa bado inaelekea chini.