Wale wabeba mizigo na wachuma pareto

Ukikaa Nakuru upande wa Lanet unazoea kuona wanajeshi, na tangu KDF, jeshi la Kenya, iingie Somalia Oktoba 2011 watu wa hapa wameomba kanisani na msikitini, wamechangia mazishi, wamekaa na mama ambaye simu ya mtoto wake haishikiki. Baada ya El Adde, kambi ya KDF huko Somalia iliyoshambuliwa na Al-Shabaab Januari 2016, huo ndio msaada familia zilihitaji zaidi.

Lakini kinachoniuma ni wale wa zamani. Vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walichukua raia wa Afrika karibu milioni moja kubeba chakula na risasi kumfuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, huko Tanganyika, maana wale nzi wa ndorobo waliua farasi na ng'ombe na barabara hazikuwepo. Wengi walitoka Nyanza, na wengi hawakuenda kwa hiari, machifu waliambiwa toa vijana basi wakatoa. Hesabu ya wakoloni wenyewe inasema zaidi ya 90,000 walikufa, wengi si kwa risasi, ni kuhara, malaria, unga wa mahindi ambao haujaiva. Hao walikuwa jeshi jamani, bila bunduki tu!

Vita vya pili vya dunia pareto ya huku kwetu Molo na Njoro, yale maua ya kutengeneza dawa ya wadudu, ilihitajika sana, dawa ya mbu na chawa kwa askari, na kuanzia 1942 mkoloni alianza kulazimisha watu kufanya kazi kwa mashamba ya wazungu. Kama una babu au nyanya anayekumbuka hayo, tafadhali kaa naye umrekodi wiki hii.