Umeandikwa huru, unamlipa nani?

Wagalatia 5:1 niliikariri darasa la kipaimara nikiwa na miaka 13, na nilikuwa naisema bila kukosea hata neno: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Mwalimu akanipa tiki nikakaa chini, ikaishia hapo. Ungwana nilijua ni kuwa na adabu, Kongwa nilijua ni wilaya kule Dodoma, na hilo la kuandikwa huru nililichukulia kama Kiswahili cha zamani tu, cha Biblia. Imenichukua zaidi ya miaka ishirini na msiba mmoja kuuelewa mstari ule, na mtu aliyenifungulia sio mchungaji wala mwalimu wa chuo cha Biblia, ni bibi yangu mzaa mama, Muanglikana wa Muheza, malezi ya Magila, ambaye shule aliishia la nne.

Nianze na mimi kwanza. Nilipohamia Dar kikazi nikaanza kusali kwenye huduma moja, jina silitaji na naomba msiniulize, maana pale kulikuwa na watu wanaompenda Mungu kweli kweli na wapo walionisaidia sana. Lakini pale ndo nilipoanza kuwa na daftari. Lilikuwa kauntabuku la kwaya mbili, jalada jekundu, humo naandika kila kitu: leo nimeomba masaa mangapi, mfungo siku ya ngapi, sura ngapi nimesoma, sadaka kiasi gani, nadhiri ipi bado. Alamu ya saa tisa usiku ilikuwa inalia kila siku ya Mungu, nisipoamka basi siku nzima natembea na hofu, nikigombana na mtu kazini nasema ni kwa sababu sikuamka, daladala ikipata pancha nasema ni kwa sababu sikuamka. Kuna mwaka nilifunga mfungo wa siku 21, siku ya 17 nikapata malaria ikabidi ninywe uji ili nimeze dawa, nikalia na kikombe mkononi. Sio homa iliyoniliza. Niliona zile siku 17 zote zimefutika na Mungu kaniandikia sifuri.

Nashangaa sasa nikikumbuka kwamba wakati wote huo nilikuwa naimba nyimbo za neema, na nilikuwa namaanisha. Ukiniuliza umeokolewa kwa nini nakujibu kwa neema, Waefeso 2:8, bila kusita. Ila baada ya kuokolewa ndo ikawa kama nimepewa mkopo na marejesho yanaanza mwezi unaofuata.

Mwaka 2019 mama akapata kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, maneno hayatoki. Nikapeleka jina kwenye maombi, na mmoja wa viongozi akanipigia akaniambia mwanangu kuna mlango umeacha wazi, hebu kumbuka kama kuna nadhiri hujaitimiza. Nikafungua daftari. Kweli ipo, nilikuwa nimeahidi sadaka laki nane, nimetoa nne. Nikaenda kwenye kikoba nikakopa 400,000 nikaipeleka siku ileile, nikarudi hospitali nimebeba matumaini kama mtu aliyebeba dawa. Mama alifariki siku ya tisa baada ya hapo.

Sitaki kurefusha hapa, aliyefiwa na mama anajua. Ila huzuni ya kawaida ningeiweza, kilichokuwa kinanimaliza ni hesabu, nilikuwa nakaa msibani kule Muheza watu wanaimba na mimi napiga hesabu kichwani, ningemaliza nadhiri mwezi wa tatu labda, ningeamka usiku ule labda, ile siku ya 17 nisingekunywa uji labda. Usiku wa tatu bibi akaja akakaa kwenye mkeka pembeni yangu, yeye ndo aliyezika mtoto wake wa kumzaa, na yeye ndo alikuja kunishika mimi mkono. Kawaida ananiita mke mwenzangu, siku hiyo akaniita mjukuu wangu. Akaniuliza mbona huli. Nikamwambia yote, daftari, nadhiri, kikoba, mlango wazi, yote. Akanyamaza muda mrefu alafu akasema, "Mjukuu wangu, wewe umeandikwa huru. Sasa unamlipa nani?"

Nikamwambia sijamwelewa, ndo akaanza kunihadithia.

Bibi amekulia kwa bibi yake, na yule bibi wa bibi alikuwa amewaona kwa macho yake wazee waliokuwa watumwa. Akaniambia muungwana zamani hakuwa mtu mwenye tabia nzuri, muungwana ni mtu asiye mtumwa, basi, awe mkorofi awe mpole, tajiri au hana kitu, muungwana ni muungwana kwa sababu hana bwana juu yake. Na kongwa ni gogo lenye panda, ule upande wa panda unaingizwa shingoni mtu anafungiwa humo, anatembea nalo kutoka bara mpaka pwani. Nira wanafungwa ng'ombe, akasema, kongwa walifungwa watu. Alafu akaja kwenye kuandikwa. Kulikuwa na njia mbili, anasema, moja ni mtumwa ajikomboe mwenyewe, anafanya kibarua analipa bei yake kidogo kidogo mpaka itimie ndo anapewa barua (nimesoma baadae kwamba kweli enzi za Mjerumani hilo lilikuwepo, barua zilikuwa zinatolewa na serikali), na ya pili ni bwana mwenyewe amwandike huru. Kwa hiari yake. Hujalipa kitu, hujaomba hata, unaitwa tu unakabidhiwa karatasi, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeweza kukudai.

"Paulo hakusema tumejikomboa," bibi akaniambia. "Amesema tumeandikwa."

Nililia usiku ule kilio ambacho sikukilia hata siku ya kuzika.

Baadae nilikuja kukaa na ndugu mmoja anayejua Kigiriki akaniambia kwenye Kigiriki Paulo anasema tu Kristo ametuweka huru, habari ya kuandika haimo, ni watafsiri wa Kiswahili walioliweka. Wengine wangeona ni kosa, mimi naona waliufungua mstari kwa watu waliokuwa wanaijua ile karatasi. Mbrazili au Mkorea akiusoma hauoni anavyoweza kuuona mtu wa Bagamoyo au Pangani. Na ukienda Wakolosai 2:14 unakuta hati nyingine, ile ya kutushitaki, Kristo akaigongomea msalabani. Kwa hiyo karatasi ni mbili, moja imepigwa misumari na nyingine tumepewa mkononi, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandikia ya tatu, jalada jekundu.

Mwaka 2022 nikapata safari ya kikazi Unguja, nikachepuka kwenda Mkunazini. Lile kanisa kuu la Anglikana limejengwa palepale palipokuwa soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 enzi za Sayyid Barghash na mwaka huohuo ujenzi ukaanza, askofu Steere ndo aliyesimamia, huyohuyo aliyefanya kazi kubwa ya kuiweka Biblia kwa Kiswahili. Mbele karibu na madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni, tunaambiwa hapo ndo uliposimama mti wa kuchapia watu. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, wamefungwa minyororo shingoni, na minyororo ni ya kweli. Nikasimama pale nikasema maneno ya kipaimara kwa sauti ya chini, wala msinaswe tena, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ilivyo ajabu Paulo kumwonya mtu huru asirudi. Nani anarudi kwenye kitu kile?

Kumbe watu walirudi, au tuseme hawakuondoka. Hii nilikuja kuisoma baadae nikabaki nimeshika kichwa. Sheria ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka 1897, lakini haikumfungulia mtu kamba hukohuko aliko, ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani aombe uhuru wake. Na wengi hawakwenda. Sio kwamba walipenda utumwa, hapana. Ukishaachwa huru ilikubidi uonyeshe una pa kuishi na kazi ya kukulisha, usipokuwa navyo unahesabiwa mzururaji. Nyumba ni ya bwana, shamba ni la bwana, mkarafuu ni wa bwana. Unatoka na karatasi unaenda wapi nayo?

Hapa ndo nilipoielewa sura ya nne ya Wagalatia na Warumi 8 kwa pamoja, maana Mungu hakutuacha barazani na karatasi. Paulo anasema hatukupokea roho ya utumwa iletayo hofu, tulipokea roho ya kufanywa wana, tunalia Aba, Baba. Amekuandika huru alafu akakuingiza ndani, akakupa jina la nyumba. Ndo maana mtu huru wa Kristo hazururi. Na ndo maana hofu yangu ya saa tisa usiku haikuwa unyenyekevu kama nilivyodhani, ilikuwa ni hofu ya kijakazi anayelala nusu usingizi akisikiliza kama bwana ameita. Mtoto wa nyumbani hasikilizi hivyo, mtoto analala fofofo.

Ukimwangalia yule kaka mkubwa kwenye Luka 15 utaona hilohilo. Watu wengi tunamhubiri mdogo aliyekula mali na makahaba, mimi naonaga yule mkubwa ndo wa kanisani. Miaka yote yuko nyumbani kwa baba yake, na siku amekasirika linalomtoka mdomoni ni hesabu: nimekutumikia miaka mingapi hii, wala hujanipa hata mwana-mbuzi. Alikuwa na daftari na yeye. Na baba hamfokei, anamwambia mwanangu, vyote nilivyo navyo ni vyako. Mali yake mwenyewe alikuwa anaifanyia kibarua.

Wagalatia wenyewe, wale wa kule ambako leo ni Uturuki, hawakuambiwa waache kumwamini Yesu. Hili ndo watu hatulioni. Waliokuja kuwachanganya waliwaambia imani yenu nzuri sana ila bado kidogo, mtahiriwe, mshike na siku hizi na miezi hii, ndo mtakamilika. Ni hiyo "bado kidogo" iliyomkasirisha Paulo mpaka akawaita wajinga. Hata Petro aliteleza, kule Antiokia alikuwa anakula meza moja na watu wa Mataifa, walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga, na Paulo akamkabili uso kwa uso mbele ya watu wote. Sasa kama Petro aliogopa macho ya watu wa dini mpaka akanyanyuka mezani, mimi na wewe tusione aibu kukiri kwamba tunaogopa pia.

Najua kuna mtu atasema huyu dada anafundisha watu uvivu, neema neema mwisho watu wafanye dhambi wanavyotaka. Na ni kweli wapo, nina ndugu wa damu kabisa ametelekeza mke na watoto wawili na ukimuuliza anakwambia mimi sihukumiwi niko chini ya neema. Huyo simuungi mkono na Paulo hamuungi mkono, maana mstari wa 13 sura hiyohiyo anasema uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo. Yule ndugu yangu hajawa huru, amebadilisha bwana tu, sasa hivi anaitumikia tamaa na tamaa haiandiki mtu huru hata siku moja. Watoto wake wanakula kwangu mara nyingi, na nawalisha bila kuandika popote.

Na bado nafunga. Wengine wanashangaa nikisema hivyo. Nafunga Kwaresma, natoa sadaka, kikoba nilimaliza deni na sijakopa tena kwa ajili ya madhabahu na sitakopa. Tofauti ni kwamba nikinywa uji katikati ya mfungo kwa sababu naumwa, nakunywa uji nikamshukuru Mungu kwa uji. Kuna Jumapili nasikia mahubiri ya milango wazi na moyo unaanza kwenda mbio kama zamani, mwili una kumbukumbu zake, inabidi niseme kimoyomoyo umeandikwa, umeandikwa, mpaka utulie. Sio kwamba nimefika.

Kuhusu mama sina jibu la kwa nini. Nilichonacho ni kwamba hakufa kwa sababu ya laki nne.

Bibi sasa ninaishi nae hapa Dar, macho yamepungua nguvu kwa hiyo mimi ndo namsomea. Juzi nimeamka saa tisa usiku tena, alamu nilishaifuta zamani lakini mwili bado unaijua ile saa. Nikakaa kitandani kidogo nikasikiliza, bibi anakoroma chumba cha pili, mvua inaanza kwenye bati. Nikasema Baba. Sikuwa na ombi lolote, nikavuta shuka nikalala.